Cheo, Mshahara na Jasho: Je, Ni Lazima Tupishane Kipato Ili Tufanye Kazi kwa Bidii?

Mtu akisimama juu ya kilima cha Makindye asubuhi ya mapema, kabla vumbi la magari halijapanda, ataona hali mbili za maisha kwa kutupa jicho mara moja. Mashariki kimeinuka kilima cha Muyenga, chenye matangi ya maji na majumba yaliyozungushiwa kuta ndefu. Chini ya kilima hicho, kandokando ya njia ya reli, umelala mtaa wa Namuwongo, ambako vyumba vya mabati vimebanana hata upepo hupita kwa taabu. Kaskazini ipo Katwe, ambako nyundo za mafundi wa chuma huanza kulia mapema, na jirani yake ni Nsambya, yenye kambi kubwa ya polisi. Maeneo yote hayo yamo katika tarafa moja ya mji wa Kampala, nayo ni Makindye.

Basi si ajabu kwamba swali la kupishana kipato lilizuka katika foleni ya chakula kambini. Koplo mmoja kijana, akiwa na sahani yake ya posho na maharage mkononi, alimwambia sajini wake, "Afande, siku mshahara wa kuruta na wa jenerali utakapolingana, lindo la usiku litabaki na mbuzi peke yao." Sajini, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akamjibu taratibu, "Kijana wangu, mimi nimelinda miaka mingi. Sijapata kukesha hata usiku mmoja kwa sababu ya mshahara wa jenerali. Nimekesha kwa sababu wenzangu walikuwa wamelala."

Watu wakacheka, foleni ikasogea, lakini swali likabaki palepale. Je, ni kweli kwamba binadamu hafanyi kazi kwa bidii mpaka amwone mwenzake anapata zaidi? Au pengo la kipato ndilo linalomvunja moyo mvuja jasho? Hili si suala la wasomi peke yao. Linamhusu kila askari anayepokea amri kutoka kwa mtu anayelipwa zaidi yake, na kila kiongozi anayewaamuru watu wanaolipwa kidogo kuliko yeye. Yafaa basi tulitazame kwa makini, tukianza na hoja ya yule koplo, kwa maana si hoja ya kupuuzwa hata kidogo.

MTU NA JASHO LAKE

Nenda Katwe umtazame kijana anayechomelea vyuma. Mara nyingi halipwi kwa saa alizokaa chini ya mwavuli wa bosi wake, bali kwa mageti na madirisha aliyoyamaliza. Amalizapo mawili hupata malipo ya mawili, na akilala hapati kitu. Mwambie kwamba kuanzia kesho atapokea sawa na mwenzake anayeshinda akipiga soga, nawe utaona jinsi nyundo yake itakavyopoteza kasi. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Lakini kivuli hicho kikiwa cha watu wote, wachache ndio watakaokubali kusimama juani.

Majirani zetu wa Tanzania walilipitia jambo hili kwa nia njema kabisa. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, wananchi walihimizwa kuishi katika vijiji vya ujamaa na kulima pamoja. Huduma nyingi zilifika katika vijiji hivyo, yakiwamo madarasa, zahanati na visima. Hata hivyo, katika vijiji vingi shamba la pamoja lilipaliliwa mwisho, baada ya kila mtu kumaliza lake. Mahindi ya nyuma ya nyumba yalistawi, na ya shamba la wote yakasongwa na magugu. Mkulima hakuwa mvivu wala adui wa taifa. Alikuwa amepiga hesabu. Aliona kwamba siku 2 za jembe katika shamba la wote zingemwongezea kiasi kidogo mno, na siku 2 katika shamba lake zingejaza ghala lake.

China nayo ilipita njia hiyo. Katika kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, mwishoni mwa mwaka 1978 wakulima 18 walikutana usiku wakaweka mapatano ya siri. Waligawana mashamba ya jumuiya kwa familia, kwa sharti kwamba kila familia itoe sehemu ya serikali na kubaki na ziada yake. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha amri, nao walikubaliana kwamba mmoja wao akifungwa, wengine watawalea watoto wake. Mavuno ya mwaka uliofuata yalizidi sana yale ya miaka iliyotangulia, na baada ya miaka michache utaratibu kama huo ulienea China nzima.

Hapa koplo wetu angepiga makofi. Lakini na asubiri kidogo. Wakulima wa Xiaogang hawakuamka mapema kwa sababu walimwona tajiri akipita na gari kubwa. Kijijini mwao hapakuwa na tajiri. Wote walikuwa na njaa. Waliamka kwa sababu kila mmoja alijua kwamba akiongeza jasho, chungu chake kitaongezeka. Kulipwa kwa kadiri ya jasho ni jambo moja. Mtu kuwa na zaidi ya mwenzake ni jambo jingine. Mara nyingi mambo hayo hufuatana, nasi huyachanganya. Lakini yapo mahali ambapo yalitengana kabisa, na mojawapo ni nchi yetu wenyewe.

MIAKA YA MAFUTA MINGI

Kama ingekuwa kweli kwamba pengo la kipato peke yake huwatuma watu kufanya kazi, basi Uganda ya miaka ya 1970 ingekuwa nchi ya wachapakazi wasio na mfano duniani. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Maduka, viwanda na mashamba yao yaligawiwa watu wengine, wakiwamo askari wengi. Kwa muda mfupi likatokea tabaka jipya la matajiri, ambalo wananchi walilibandika jina la Kiswahili linalokumbukwa mpaka leo: mafuta mingi.

Pengo likapanuka. Mtu aliyekuwa jana hana kitu alionekana leo akiendesha gari la Ulaya, na jirani yake akipanga foleni ya sukari. Je, jirani huyo aliongeza bidii ya kazi? Hakuongeza. Aliona kwamba njia ya kupata gari haikupita shambani wala kiwandani, bali ilipita katika kujuana na wakubwa. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyokuwa vikilisha nchi nzima, vilididimia mpaka vikakaribia kusimama. Maduka mengi yalimaliza bidhaa zilizokutwa ndani, kisha yakabaki na rafu tupu.

Mkulima wa kahawa naye alipata somo lake. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliua mibuni mingi ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana katika miaka ya 1976 na 1977. Mkulima wa Uganda alitakiwa kuuza kwa bodi ya serikali, iliyomlipa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Kwa hiyo kahawa ikaanza kutembea usiku. Ilivuka mpaka kwa magunia, kwa vichwa, kwa punda na kwa mitumbwi, na soko la Chepkube upande wa Bungoma, Kenya, likawa maarufu kwa magendo. Askari waliowekwa kuzuia biashara hiyo, wengine wakawa washirika wake. Watu walikuwa na bidii, na kubeba gunia usiku kuvuka mlima na mto si kazi ya mvivu. Lakini bidii hiyo haikulijenga taifa, maana malipo yalikuwa yamewekwa mahali pabaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliondoa ukiritimba wa bodi ya kahawa, na mkulima akaanza kupata sehemu kubwa zaidi ya bei ya dunia. Bei yenyewe nayo ilipanda katikati ya miaka hiyo. Katika msimu wa 1996/97 Uganda ilisafirisha zaidi ya magunia milioni 4 ya kilo 60. Mashamba yalikuwa yaleyale, na jembe lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba jasho na malipo vilikutana tena.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa koplo wetu ni hili: yapo mapengo ya aina mbili. Lipo pengo lenye kazi nyuma yake, nalo huweza kumwinua mtu. Na lipo pengo lisilo na kazi nyuma yake, nalo humfundisha mtu kwamba kazi ni ujinga.

ASKARI HEWA NA MZIGO WA ASKARI HALISI

Sisi wa majeshi hatuna haki ya kunyoosha kidole kwa raia peke yao. Jeshi letu nalo liliwahi kuugua ugonjwa huo, katika sura ya askari hewa, yaani majina yaliyoandikwa katika vitabu vya mishahara bila ya kuwa na mtu. Jina likapokea fedha, na fedha zikaingia mfukoni mwa mtu mwingine.

Mwezi Machi 2008 Mahakama Kuu ya Kijeshi, inayokaa hapahapa Makindye, ilimtia hatiani Meja Jenerali James Kazini, aliyewahi kuwa Kamanda wa Jeshi, katika kesi iliyohusu askari hewa, ikampa kifungo cha miaka 3. Huo haukuwa uamuzi mdogo. Mtu wa ngazi ya juu kabisa alisimama mbele ya mahakama ya jeshi lake mwenyewe kwa jambo linalohusu hesabu ya mishahara.

Lakini tufikirie zaidi ya upotevu wa fedha. Kikosi chenye majina 100 na watu 80 hupangiwa kazi ya watu 100. Doria haipunguzwi kwa sababu 20 ni hewa, wala mahandaki hayajichimbi yenyewe. Askari halisi hulinda zamu yake, kisha akalinda na zamu ya jina lisilo na mwili. Anayefaidika ni yule asiyekesha. Askari akishajua siri hiyo, na askari hujua siri nyingi kuliko wakubwa wadhanivyo, hotuba juu ya uzalendo haitaingia tena masikioni mwake. Huo ndio ubaya wa kipato kisicho na jasho: huiba fedha mara moja, na huiba moyo wa watu kila siku.

SOMO LA JINJA

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 wakafuata askari wa Uganda Rifles huko Jinja, na tarehe 24 wakafuata wenzao wa Kenya Rifles katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru. Nchi 3 zilizokuwa zimepata uhuru karibuni tu zilitikiswa katika muda wa siku 5. Huko Jinja Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, aliyekwenda kuzungumza na askari, alizuiliwa nao, na nyongeza ya mishahara ikatolewa. Waziri Mkuu Milton Obote alilazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, nchi ambayo tulikuwa tumejitoa chini ya utawala wake mwezi Oktoba 1962.

Madai ya askari wa Jinja yana funzo kuhusu swali letu. Hawakudai kwamba kuruta apokee sawa na kanali. Askari yeyote anajua kwamba anayebeba dhamana ya roho 600 hawezi kulipwa sawa na anayebeba dhamana ya bunduki yake mwenyewe. Walichodai ni mambo mawili. Kwanza, mshahara wao uweze kumweka mtu na familia yake. Pili, maofisa wa Kiingereza waondoke ili Mwafrika naye apande cheo. Walilalamikia kiwango cha chini kilichokuwa chini mno, na ngazi iliyokuwa imefungwa. Mtu huvumilia kusimama kipandio cha chini akijua kwamba vipandio vya juu viko wazi kwake. Havumilii akiona kwamba vipandio hivyo vimewekewa watu wa rangi, ukoo au marafiki fulani.

Hata hivyo, hapana budi tuseme ukweli wote. Njia waliyoitumia ilikuwa mbaya, na matunda yake yalikuwa machungu. Nyongeza iliyopatikana kwa mtutu wa bunduki haikulipia kazi. Ililipia woga wa serikali. Tangu siku hiyo baadhi ya askari walijifunza kwamba bunduki hufungua mlango haraka kuliko utumishi mwema. Tarehe 25 Januari 1971 mlango mkubwa kuliko yote ulifunguliwa kwa njia hiyohiyo, na nchi ikalia kwa miaka mingi.

WALIOPIGANA BILA MSHAHARA

Sajini wetu naye ana historia ya kumtetea. Tarehe 6 Februari 1981 kundi dogo lenye bunduki 27 lilishambulia kambi ya Kabamba, na vita vya msituni vikaanza. Mpaka Kampala ilipotekwa mwezi Januari 1986, wapiganaji wa NRA hawakupokea mshahara. Walikula walichopata na kulala chini ya miti ya Luwero. Hata vyeo rasmi vya kijeshi havikutolewa mpaka mwaka 1988. Iwapo pengo la kipato ndilo mama wa bidii, nani aliwatuma watu hao?

Walitumwa na lengo walilolielewa, na waliona kwamba kiongozi aliyewaamuru alikuwa na njaa kama wao. Dhiki ikigawanywa sawa, haimvunji mtu moyo upesi.

Lakini tusimwache sajini naye akashangilia kupita kiasi. Vita vya msituni vilikuwa na mwisho. Askari wa leo ana mke au mume, ana watoto wanaodaiwa karo, ana wazazi wanaougua kijijini. Moyo wa kujitolea haupokelewi na mwenye nyumba wala na mhasibu wa shule. Mwisho wa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 watumishi wa umma wa Uganda walipokea mishahara isiyofika hata wiki ya pili. Matokeo yake tunayakumbuka: koti liliachwa kitini ofisini, na mwenye koti akaenda kulima au kuuza bidhaa sokoni. Serikali inayotegemea moyo wa mtu bila ya kumlisha, humfundisha kujilisha mwenyewe, na mara nyingi hujilisha kwa kile alichokabidhiwa kukilinda.

Tena lipo jambo ambalo kulipana sawasawa hakuwezi kulitatua. Daktari, rubani na mhandisi huchukua miaka mingi kufunzwa, na nchi nyingine huwahitaji pia. Mwezi Novemba 2017 madaktari wa Uganda waligoma wakidai malipo bora, na mwaka 2022 serikali ilipandisha mishahara ya madaktari na watumishi wengine wa sayansi. Taifa lisilotofautisha malipo yake hata kidogo litajikuta likiwafundisha wataalamu kwa ajili ya nchi za watu.

WENYE KAZI MOJA, WENYE MALIPO MAWILI

Sasa tufike penye kiini cha jambo. Watafiti 3, Emily Breza, Supreet Kaur na Yogita Shamdasani, walilipima swali hili huko Odisha, India, wakachapisha matokeo yao mwaka 2018. Waliajiri wafanyakazi 378 katika kazi za viwandani za msimu, wakawapanga vikundi vya watu 3. Vikundi vingine vililipwa sawasawa. Katika vikundi vingine, kila mmoja alilipwa tofauti kulingana na uwezo wake uliopimwa mwanzoni.

Matokeo yake yangefaa kubandikwa katika kila ofisi ya mhasibu. Pale ambapo wafanyakazi hawakuweza kuona wazi kazi ya wenzao, tofauti ya malipo ilishusha uzalishaji, na mahudhurio yakapungua kwa pointi 18 za asilimia. Watu waliacha kuja kazini hata kwa kujinyima ujira wao wenyewe. Zaidi ya hayo, uwezo wao wa kusaidiana ulipungua. Lakini pale ambapo kila mtu aliweza kuona kwa macho yake kwamba anayelipwa zaidi anazalisha zaidi, tofauti ileile ya malipo haikuleta madhara yoyote yaliyoonekana. Kwa hiyo lililowavunja watu moyo halikuwa pengo lenyewe, bali ni pengo lisiloeleweka.

Tuliona jambo la kufanana na hilo hapa kwetu. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada mpaka takriban shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa historia au Kiswahili mwenye shahada alibaki na takriban milioni 1. Serikali ilikuwa na hoja yake: nchi inahitaji mafundi, madaktari na wahandisi, na walimu wa kuwafundisha ni wachache. Mwalimu wa sanaa naye alikuwa na hoja yake: vipindi vyao vililingana, madarasa yalijaa sawasawa, na bei ya unga dukani haimwulizi mtu alisomea nini. Mwezi Juni 2022 walimu waligoma, na wanafunzi wakakaa bila masomo.

Makala haya hayakusudii kuwa hakimu wa shauri hilo. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba tofauti iliyokusudiwa kuongeza bidii kwa upande mmoja inaweza kuua bidii kwa upande wa pili, kama wanaobaki nyuma hawaoni kwa macho yao sababu ya kubaki nyuma. Mwenye shule, kama mwenye kikosi, hafundishi wala hapigani kwa nusu ya watu wake.

PENGO LIWE NA UREFU GANI?

Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, yaani mwaka 1977, alieleza kwamba mshahara wa juu kabisa katika utumishi wa umma, ambao mwaka 1961 ulikuwa takriban mara 50 ya ule wa chini, ulikuwa umeshuka mpaka takriban mara 9 baada ya kodi.

Wako watakaosema kwamba hilo ndilo lililoirudisha nyuma Tanzania. Hoja hiyo haijakamilika. Uchumi wa Tanzania ulipatwa na ukame, bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mashamba ya pamoja tuliyokwisha kuyataja. Karani aliyeona kwamba mkurugenzi wake hapati mara 50 yake hakuwa na sababu ya kulala kwa ajili hiyo. Mkulima asiyepata chochote cha ziada kwa jembe lake ndiye aliyekuwa na sababu. Na hata anayelipwa mara 9 bado ana kitu cha kupandia kutoka kwa anayelipwa mara 1. Ngazi haihitaji kugusa mawingu ndipo watu waipande.

Hapa Uganda tatizo letu kubwa liko kwenye kipandio cha chini. Kiwango cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambazo leo huisha kwa sahani moja au mbili za chakula. Mswada wa kukibadili uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata saini ya kuufanya sheria. Kijana wa Namuwongo anayebeba matofali kutwa hahitaji kuonyeshwa majumba ya Muyenga ili ajitume. Ameyaona tangu utoto wake. Anachohitaji ni kuona kwamba tofali la 100 lina faida kwake kuliko tofali la 50.

KILICHO MIKONONI MWETU

Ndugu askari, huenda ukauliza: mimi siandiki bajeti, wala sipangi mishahara, makala haya yananihusu nini? Yanakuhusu sana. Mshahara hutoka makao makuu, lakini askari hupokea malipo ya namna nyingi ambayo hugawiwa na koplo, sajini na luteni wake. Likizo ni malipo. Zamu ya lindo ni malipo au ni adhabu. Nafasi ya kwenda kozi ni malipo makubwa kupita fedha, kwa sababu ndiyo ngazi yenyewe. Chumba katika kambi ni malipo, na polisi waliolea watoto katika vibanda vya mabati vya mviringo wanajua thamani ya ukuta wa matofali.

Katika kugawa mambo hayo, kiongozi na ajiulize maswali manne. Je, tofauti hii ina kazi nyuma yake? Je, wenzake wanaiona kazi hiyo kwa macho yao? Je, aliyekosa leo anajua afanye nini ili apate kesho? Na je, aliye chini kabisa ana cha kumtosha? Jibu likiwa ndiyo kwa yote manne, tofauti hiyo itajenga. Jibu likiwa hapana hata kwa moja, kiongozi anapanda mbegu ya manung'uniko, na manung'uniko katika kikosi hayachelewi kuota.

Kwa hiyo koplo ana kweli yake: watu wasipoona faida ya jasho, jasho litakauka. Na sajini ana kweli yake: hakuna anayekesha kwa ajili ya utajiri wa mtu mwingine. Ukweli wao unakutana mahali pamoja. Binadamu hahitaji kuzidiwa ndipo afanye kazi. Anahitaji kujua kwamba kazi yake imehesabiwa, na kwamba anayemzidi amemzidi kwa haki.

Jioni ya siku ile ile ya mabishano, orodha ya lindo ilisomwa kama kawaida. Jina la yule koplo lilisomwa kwa zamu ya saa nane usiku, zamu isiyopendwa na mtu. Kabla hajafungua kinywa kunung'unika, jina la sajini likasomwa kwa zamu iyo hiyo. Koplo akafunga mkanda wake, akachukua bunduki yake, akaenda mapema.